Kanda ile ile: albamu ya Queen na matoleo yake tangu 1975

Mwanzoni mwa 1975 wimbo wa "Killer Queen" ulikuwa umeshafika nafasi ya pili kwenye chati za Uingereza, na sura za vijana wanne wa bendi ya Queen zilikuwa zinajulikana barabarani. Hata hivyo John Deacon, mpiga besi, ambaye alikuwa ametoka tu kuoa na mkewe ana mimba, aliomba pauni 4,000 za kutanguliza malipo ya nyumba ndogo akanyimwa. Wenzake hawakuwa na hali bora. Kila mmoja alikuwa analipwa pauni 60 kwa wiki. Roger Taylor, mpiga ngoma, amesimulia kwamba aliambiwa apunguze nguvu anapopiga, kwa kuwa hela ya kununua vijiti vingine haikuwepo.

Shida ilikuwa mkataba. Mwaka 1972 walikuwa wamesaini na ndugu wawili, Norman na Barry Sheffield, wenye studio ya Trident pale Soho, London. Trident iliwarekodi, iliwasimamia, kisha ikaziuza haki za kuchapisha kazi zao kwa kampuni kubwa ya EMI. Pesa ya santuri ilipita kwanza mikononi mwa Trident, na iliyobaki ndiyo iliyowafikia waimbaji. Albamu yao ya kwanza waliirekodi kwa kuvizia saa ambazo studio haina mteja, usiku wa manane, wakati wateja wenye majina wameshaondoka.

Norman Sheffield alijitetea katika kitabu alichokitoa 2013, mwaka mmoja kabla hajafariki. Hoja yake ni kwamba Trident iliwabeba vijana wasiojulikana, ikawapa vyombo, mitambo, mishahara na saa za studio wakati hakuna aliyejua kama watauza hata santuri moja, na kwamba pesa ya mauzo huchelewa kurudi. Hoja hiyo haifai kupuuzwa, kwani mwenye mtaji naye ana haki ya kurudishiwa. Lakini mkataba unaompa mtu mmoja studio, usimamizi na mapato kwa mkupuo unamwacha msanii bila mtu wa kumtetea, kwa sababu meneja ambaye angepaswa kumdai mwenye studio ndiye huyo huyo mwenye studio. Wanamuziki wa Afrika Mashariki waliopita kwenye mikono ya wenye studio na wenye vyombo wataielewa hali hii bila kufafanuliwa.

Mwanasheria Jim Beach ndiye aliyewatoa. Masharti yalikuwa makali. Trident ilipata pauni 100,000 pamoja na asilimia moja ya mrabaha wa albamu sita zijazo. Queen wakampata meneja mpya, John Reid, aliyekuwa akimsimamia Elton John, naye akawaambia washughulikie muziki, mambo ya fedha wamwachie yeye. Kwa hiyo kiangazi cha 1975 waliingia kurekodi albamu yao ya nne wakiwa na deni na wakiwa na uhuru kwa wakati mmoja. Brian May, mpiga gita, amesema mara kadhaa kwamba kama kazi ile isingefanikiwa, huenda bendi ingevunjika. Badala ya kubana matumizi, walifanya kinyume. Maji waliyavulia nguo, wakaamua kuyaoga. Gharama za kurekodi zilifika karibu pauni 40,000, na ilisemwa wakati huo kwamba hakuna albamu ya Kiingereza iliyokuwa imewahi kugharimu kiasi hicho. Waliipa jina la filamu ya vichekesho ya ndugu wa Marx ya mwaka 1935, *A Night at the Opera*.

Mwimbaji wao alikuwa mzaliwa wa Mji Mkongwe. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa familia ya Waparsi wanaofuata dini ya Zoroaster. Baba yake, Bomi, alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu chini ya serikali ya Waingereza. Akiwa mdogo alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, ambako alijifunza piano na kupiga na bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Alirudi Zanzibar akiwa kijana, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Feltham, pembeni mwa London. Kufikia 1975 alikuwa Freddie Mercury, na kuhusu Unguja hakupenda kuongea hadharani. Nisingependa kumlazimishia albamu hii uzanzibari ambao yeye mwenyewe hakuutangaza. Hakuna taarabu ndani yake. Kilichopo ni sikio la mtu aliyekulia katikati ya muziki wa namna nyingi bila kufundishwa kuona mpaka kati ya mmoja na mwingine, na ambaye hakuona ajabu kuweka opera, roki nzito na kichekesho cha jukwaani ndani ya wimbo mmoja.

Wimbo huo ni "Bohemian Rhapsody", na jinsi ulivyorekodiwa ndiyo sababu matoleo yote yaliyofuata yana maana. Kazi ilianza Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, shamba lililogeuzwa studio karibu na Monmouth, Wales. Prodyuza alikuwa Roy Thomas Baker, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya Decca, ambako alizizoea rekodi za opera. Baker, aliyefariki Aprili 2025, alisimulia jinsi Freddie alivyompigia sehemu ya kwanza kwenye piano nyumbani kwake London, kisha akakatisha ghafla na kumweleza kwamba hapo ndipo itakapoingia opera. Rockfield walirekodi piano, besi na ngoma, wakaacha pengo katikati. Wakati huo ramani ya kitakachojaza pengo hilo ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Sauti zilijazwa katika studio kadhaa za London. Waimbaji walikuwa watatu tu. Taylor alichukua sauti za juu kabisa, May akashika za chini na Freddie za katikati. Kila mstari waliurudia mara nyingi, wakijipandisha juu ya sauti zao wenyewe, hadi watu watatu wakasikika kama kwaya ya jukwaa zima. Idadi ya sauti zilizopandishwa inatajwa kufika 180. Kila Baker alipodhani sehemu ya opera imekwisha, Freddie alikuja na kipande kingine cha kuongeza.

Hapa inafaa kueleza mitambo. Kanda ya studio ya wakati huo ilikuwa na upana wa inchi mbili na njia 24, yaani unaweza kurekodi sauti 24 zikiwa mbalimbali. Zikijaa, fundi mitambo huchukua njia kadhaa zilizojaa, anazichanganya, anazihamishia kwenye njia moja au mbili, na kwa njia hiyo anapata nafasi ya kurekodi nyingine. Huo ndio ujanja ulioifanya kwaya ya watu watatu iwezekane. Lakini una gharama mbili. Kwanza, kwa mitambo ya wakati huo, sauti zikishachanganywa haziwezi kutenganishwa tena. Pili, kila uhamisho ni nakala ya nakala, na kila nakala huongeza mvumo. Pamoja na hayo, kanda yenyewe huvaliwa na vichwa vya mashine kila inapopita. Ni kama kanga inayofuliwa kila siku, rangi lazima itoke. Unga wa sumaku ulioshika sauti ulipukutika kwenye kanda ile mpaka, kwa maelezo ya waliokuwepo, ukiinyanyua kwenye mwanga ulikuwa unaona upande wa pili.

Fundi mitambo Mike Stone hatajwi mara nyingi na mashabiki, nami naona ni dhuluma. Kuhifadhi uwazi wa maneno katikati ya tabaka nyingi hivyo, bila kompyuta, kwa mikono juu ya vitufe na wembe wa kukatia kanda, ni kazi ya fundi aliyekomaa.

Watu wengi wameijua albamu hii kwa wimbo huo mmoja. Hiyo ni hasara, kwa sababu utajiri wake umetawanyika. Wimbo wa kufungulia, "Death on Two Legs", ni hasira tupu ya Freddie dhidi ya bosi mnyonyaji. Hautaji jina la mtu. Norman Sheffield alipousikia alijiona ndiye, akashitaki, na shauri likamalizwa kwa malipo nje ya mahakama. "You're My Best Friend" ni wa Deacon, yule yule aliyenyimwa pesa ya nyumba, alioutunga kwa ajili ya mkewe. Kinanda cha umeme cha Wurlitzer alijifunza mwenyewe, kwa sababu Freddie alikidharau na hakutaka kukigusa. Katika "I'm in Love with My Car" Taylor aliimba mapenzi ya gari, na muungurumo unaosikika humo ni wa gari lake halisi.

Kwa upande wa May, mimi ningemweka mbele zaidi ya wengi wanavyomweka. Alikuwa ameacha masomo ya uzamivu ya fizikia ya anga ili apige gita (aliyamaliza 2007), na katika "'39" aliweka elimu hiyo kwenye wimbo wa mtindo wa kijijini. Wasafiri wanaondoka duniani, wanarudi baada ya kile wanachoona kuwa mwaka mmoja, wanakuta nyumbani imepita miaka mia, na walioachwa wamekufa. Kwa kasi kubwa muda hupita taratibu, ndivyo fizikia inavyosema, lakini wimbo wenyewe ni wa msiba na kuaga. "The Prophet's Song" unazidi dakika nane; ulitokana na ndoto yake ya gharika, na ndani yake mna koto ya kuchezea aliyopewa Japani kwenye ziara ya 1975. Kwenye "Good Company" bendi nzima ya jazi ya zamani, tarumbeta, klarineti na trombone, imetengenezwa kwa gita moja. Gita hilo alilianza kulichonga na baba yake mwaka 1963, shingo yake ikitoka kwenye ubao wa tanuri la zamani la kuotea moto na baadhi ya springi zikitoka kwenye pikipiki. Jalada la albamu lilitangaza kwamba hakuna sinthesaiza iliyotumika, na tangazo hilo halikuwa majivuno matupu. Msikilizaji wa leo, aliyezoea kwamba sauti yoyote hupatikana kwa kubonyeza, anahitaji kulikumbuka anaposikiliza.

Jalada lenyewe ni jeupe, na nembo iliyo katikati ilichorwa na Freddie, aliyekuwa amesomea usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing. Simba wawili ni nyota za Deacon na Taylor, kaa ni nyota ya May, vimalaika wawili ni nyota yake mwenyewe ya Mashuke, na juu yao ndege feniksi ametandaza mabawa.

EMI walipoletewa "Bohemian Rhapsody" iwe santuri ya kwanza sokoni waliingiwa na wasiwasi. Ilikuwa na dakika 5 na sekunde 55, wakati redio zilizoea nyimbo za dakika tatu. Kilichouokoa ni mtangazaji wa Capital Radio ya London, Kenny Everett, rafiki wa Freddie. Alipewa nakala kwa sharti la kutoipiga, akaipiga mara 14 ndani ya siku mbili. Jumatatu wateja walikuwa madukani wakiulizia santuri ambayo haijatoka. Ilitoka tarehe 31 Oktoba 1975. Kwa kuwa hawangeweza kuimba kwaya ile moja kwa moja kwenye televisheni, walirekodi picha tarehe 10 Novemba huko Elstree chini ya mwongozaji Bruce Gowers, kazi ya saa nne hivi. Albamu ikafuata tarehe 21 Novemba. Wimbo ulikaa kileleni wiki tisa, albamu ikashika namba moja Uingereza na nafasi ya nne Marekani. Deni likalipika. Mkesha wa Krismasi walipiga Hammersmith Odeon, na BBC ikarusha onyesho hilo moja kwa moja kwa televisheni na redio.

Huku kwetu muziki wa namna hii ulifika kwa wengi katika miaka ya 1980 na 1990 kupitia kanda za kunakiliwa, vibandani na majumbani, mtu akiazima ya jirani na kutoa yake. Kwa hiyo kilichofika masikioni mwetu kilikuwa nakala juu ya nakala nyingine, na mengi yaliyokuwa yanasikika Rockfield yalikuwa yamepotelea njiani. Nalitaja hili kwa sababu linaeleza kwa nini suala la matoleo mapya si la wakusanyaji wa Ulaya peke yao. Aliyeijua albamu kwa kanda iliyochoka hajaisikia bado.

Diski za CD zilipoingia katikati ya miaka ya 1980, kampuni za muziki zilikimbilia soko. Mara nyingi walichukua kanda yoyote iliyokuwa karibu, hata nakala zilizoandaliwa kwa ajili ya kukatia santuri, ambazo besi yake ilikuwa imepunguzwa makusudi ili sindano isiruke. Wasikilizaji waliuziwa usafi, lakini mara nyingi walichopata ni wembamba wa sauti.

Toleo la kwanza lililokuwa na nia ya kuwa tofauti ni la Marekani, 1991. Mwaka uliotangulia Hollywood Records, kampuni ya Disney, ilikuwa imenunua haki za Queen kwa nchi hiyo, na iliripotiwa kwamba ililipa dola milioni 10. Ikatoa albamu zote upya kwenye CD, na kila moja ikaongezewa vitu. Kwa *A Night at the Opera* nyongeza zilikuwa "I'm in Love with My Car" na "You're My Best Friend" zilizochanganywa upya kwa ladha ya 1991, ngoma zikiwa kubwa na zenye mwangwi. Sioni sababu ya nyongeza hizo kuwepo. Wimbo wa Deacon unaishi kwa ule ulaini wa kinanda chenye ukungu kidogo; ukiupigia ngoma za uwanja wa mpira unakuwa umeutoa nyumbani kwake. Hata hivyo toleo hilo liliirudisha albamu kwenye rafu za Marekani, na lilifanya hivyo katika mwaka ambao hakuna aliyejua ungeishaje.

Tarehe 24 Novemba 1991 Freddie alifariki London akiwa na miaka 45, siku moja baada ya kutangaza kwamba ana UKIMWI. "Bohemian Rhapsody" ulitolewa tena mwezi uliofuata pamoja na "These Are the Days of Our Lives", ukakaa namba moja kwa wiki tano. Zaidi ya pauni milioni moja zilikwenda kwa Terrence Higgins Trust, shirika linalohudumia walioathirika na ugonjwa huo. Ukawa wimbo wa kwanza kushika namba moja ya Krismasi Uingereza mara mbili kwa rekodi ile ile, 1975 na 1991. Mwaka 1992 filamu ya vichekesho *Wayne's World* ikawaonyesha vijana ndani ya gari wakiuimba kwa vichwa vinavyoyumba, nao ukapanda hadi nafasi ya pili Marekani. Mwaka 1976 uliishia nafasi ya tisa.

Kazi kubwa zaidi ilikuja 2002, na ni watu wachache walioinunua. Ilitolewa kwa mfumo wa DVD-Audio, ambao sauti zake hutoka kwenye spika sita zilizomzunguka msikilizaji. Ili kuitengeneza haikutosha kuchukua kanda ya mwisho yenye njia mbili na kuisafisha. Ilibidi kurudi kwenye zile kanda za njia 24 na kuchanganya wimbo baada ya wimbo upya, kazi aliyoifanya fundi Elliot Scheiner, May na Baker wakiwa na neno ndani yake. Hapo ndipo gharama za 1975 zilipojitokeza, kwani sauti zilizochanganywa wakati ule zilibaki zimeshikana. Lakini vilivyokuwa mbalimbali vilipata nafasi ya kupumua. Katikati ya "The Prophet's Song" sauti ya Freddie inajirudia kwa mwangwi wa mashine, anaimba juu ya mwangwi wake, kisha juu ya mwangwi wa mwangwi. Kwenye spika mbili ni ufundi wa kuvutia. Zikikuzunguka, unaelewa kwamba mtunzi aliifikiria sehemu hiyo kama chumba, na wewe umo ndani.

Tarehe 21 Novemba 2005, miaka 30 kamili tangu siku ya kwanza, mchanganyiko huo ulitolewa tena kwenye DVD ya kawaida iliyofungwa pamoja na CD, ikiwa na picha kwa kila wimbo na maelezo ya wanabendi. Uzuri wa toleo hilo ni kwamba kila mwenye televisheni na spika aliweza kulifaidi. Ule mfumo wa 2002 ulihitaji mashine ambayo wachache walikuwa nayo, na haukuchukua muda ukafa sokoni.

Mwaka 2010 Queen waliondoka EMI wakahamia Island, tawi la Universal, na tarehe 14 Machi 2011 albamu zao tano za mwanzo zikatolewa upya zikiwa zimeandaliwa na Bob Ludwig, fundi Mmarekani mwenye jina kubwa katika kazi ya kuandaa rekodi kwa uchapishaji. Ludwig hakuchanganya upya. Alichukua michanganyiko ya 1975 na kuitoa kwa uangalifu kadiri kanda zilivyoruhusu. Hili ndilo toleo ninaloliona kuwa la haki kuliko mengine yote ya spika mbili.

Pamoja nalo ilikuja diski ndogo ya nyongeza, na ndani yake kuna kitu kimoja ambacho kwangu kinazidi majalada yote ya dhahabu. Ni sehemu ya opera ya "Bohemian Rhapsody" ikiwa sauti tupu, bila chombo hata kimoja. Piano, besi na ngoma zimeondolewa. Unasikia pumzi. Unasikia mahali ambapo sauti moja imechelewa nusu ya nusu ya pigo na nyingine imewahi, na ukungu wa kanda iliyochoka umetanda nyuma yao. Unamsikia Taylor akipanda mpaka pale ambapo koo la mwanamume halipaswi kufika. Kabla ya hapo ile kwaya ilikuwa muujiza. Hapa imekuwa kazi, vijana watatu wenye deni wakirudia mstari ule ule kwa saa nyingi, na kwa maoni yangu heshima yake imezidi. Miongoni mwa nyongeza nyingine humo ni ala tupu za "You're My Best Friend" na "Love of My Life" ya jukwaani, wimbo ambao umati wa Amerika Kusini uliuchukua ukauimba wenyewe, May na gita lake wakibaki kuwasindikiza.

Baada ya 2011 mambo yamekuwa zaidi ya sherehe. Mwaka 2015 lilitoka sanduku la albamu zote 15 za studio, kila santuri na rangi yake, na mwaka huo huo onyesho la Hammersmith Odeon la 1975 likachapishwa rasmi. Hilo la pili lina thamani kubwa, kwa sababu linaonyesha bendi mwezi ule ule ilipokuwa kileleni, ikijaribu jukwaani nyimbo ilizojenga studio. Santuri za rangi sina la kuzisema zaidi ya kwamba zinapendeza. Mwaka 2018 filamu ya maisha ya Freddie ikaleta kizazi kingine, na Julai 2019 picha ile ya Elstree ikafikisha watazamaji bilioni moja YouTube. Novemba mwaka huo makumbusho ya Freddie Mercury yalifunguliwa Shangani, Unguja. Mwaka 2006 mpango wa kusherehekea siku yake ya kuzaliwa hapo Zanzibar ulipingwa na baadhi ya viongozi wa dini. Miaka 13 baadaye, nyumba yenye jina lake ilipokea wageni bila kufichwa.

Septemba 2023, kwenye mnada wa Sotheby's London, karatasi alizoandikia "Bohemian Rhapsody" ziliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 1.3. Ni karatasi za shirika la ndege la British Midland, na kwenye moja jina la wimbo liliwahi kuandikwa "Mongolian Rhapsody" kabla halijakatwa. Mwaka 2024 iliripotiwa kwamba Sony imekubali kununua hazina ya nyimbo za Queen kwa takriban pauni bilioni moja, huku haki za rekodi Marekani na Kanada zikibaki kwa Disney. Ukiweka tarakimu hizo kando ya pauni 4,000 za nyumba ya Deacon, unaona jinsi mwenye kushika kanda anavyoshika kila kitu. Queen waliweza kuuza kwa bei hiyo kwa sababu mwaka 1975 walikubali kulipa pauni 100,000 ambazo hawakuwa nazo ili wawe na usemi juu ya kazi yao.

Oktoba 2024 walifanya kwa albamu yao ya kwanza kile ambacho hawajakifanya kwa hii. Waliifumua na kuichanganya upya yote, wakarekebisha hasa sauti za ngoma ambazo May na Taylor walizilalamikia tangu 1973, wakarudisha na wimbo ulioachwa nje. Kwa albamu ile ni sawa. Waliirekodi usiku, kwa saa za kuokota, na matokeo hayakuwa waliyoyataka. *A Night at the Opera* ni jambo jingine. Walipata walichokitaka, na ukungu wa kanda yake ni sehemu ya walichokitaka. Ilipotimiza miaka 50, mwaka 2025, ilichapishwa tena kwenye santuri angavu kama kioo, na mchanganyiko wa zamani ukaachwa. Naomba waendelee kuuacha.

Kwa atakayetaka kuanza, si lazima atafute santuri ya bei. Albamu iliyoko kwenye huduma za kusikiliza kwa simu ni ile ya Ludwig ya 2011, imeandikwa mwaka huo kando ya kila wimbo. Avae spika za masikioni, aache "Bohemian Rhapsody" kwa baadaye, aanze na "Good Company". Mwishoni, tarumbeta zinapoingia, akumbuke kwamba ni gita.